Ule mstari unaobandika kwenye programu ya mteja ni saini yako

Wasee wa kuandika programu, leo tuongee kuhusu mstari mmoja tu.

Kama umewahi kuandika programu ya C# inayotoa ripoti za Excel, kuna uwezekano mkubwa umekutana nao. Umeweka maktaba inayoitwa EPPlus, umefuata video ya mtandaoni hatua kwa hatua, umeendesha programu, halafu badala ya ripoti unapata hitilafu. Programu inagoma. Inakwambia kwanza uweke kitu kinachoitwa LicenseContext.

Unafanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya. Unanakili ule ujumbe, unaubandika kwenye Google, na kabla chai haijapoa umepata jibu. Ongeza tu huu mstari mwanzoni mwa programu yako, wanakwambia:

ExcelPackage.LicenseContext = LicenseContext.NonCommercial;

Hitilafu inapotea. Ripoti inatoka imepangwa poa. Mteja anatuma doo kwa M-Pesa na maisha yanasonga.

Sasa usome tena ule mstari, polepole. Neno la mwisho linasema kwamba matumizi haya si ya biashara. Umelitamka kwa maandishi, ndani ya programu uliyoiuza, na jioni hiyohiyo umepokea malipo. Ulidhani unaondoa hitilafu, kumbe unatoa tamko. Na ukitaka kuelewa kwa nini programu inakuuliza swali hilo, lazima uelewe kitu ambacho video nyingi za kufundisha hazigusi kabisa: leseni haifuati jina la maktaba. Inafuata namba ya toleo.

Unga uliosagwa tayari

Kwa wale ambao hawaandiki programu, maktaba hapa si ile ya vitabu. Ni fungu la msimbo ambalo mtu mwingine ameandika ili wewe usianze kutoka mwanzo. Mama wa chapati halimi ngano wala hasagi. Ananunua unga dukani, anakanda, anauza. Mwanaprogramu naye haandiki kila kitu. Kutengeneza faili la Excel lenye safu, rangi, fomula na jumla ni kazi ya miezi. EPPlus imeshaifanya, wewe unaita tu.

Tofauti ni kwamba unga ukishaununua ni wako. Maktaba haiuzwi hivyo. Msimbo unabaki mali ya aliyeuandika, na wewe unapewa ruhusa ya kuutumia kwa masharti. Ruhusa hiyo ndiyo leseni. Bila leseni huna ruhusa, hata kama faili lenyewe lilipakuliwa bure na liko pale kwenye laptopu yako.

Mimi niliacha chuo, na karibu kila kitu ninachojua nimekiokota kwenye mafunzo ya bure ya mtandaoni. Naheshimu sana mafunzo hayo. Lakini nimeona mtindo: mwalimu anakuonyesha jinsi ya kuweka maktaba, jinsi ya kuiita, jinsi ya kupamba ripoti. Ukurasa wa leseni haufunguliwi hata mara moja. Na video ikiwa ni ya mwaka 2018, mambo huenda yalibadilika kitambo.

Kilichotokea kwa EPPlus

EPPlus ilianzishwa na Jan Källman, Mswidi, ikijengwa juu ya mradi mwingine wa wazi uliokuwa ukiitwa ExcelPackage. Kwa miaka mingi ilikuwa chini ya leseni ya LGPL. Kwa kifupi, LGPL inakuruhusu kuitumia maktaba hata ndani ya programu ya kuuza, ila ukiirekebisha maktaba yenyewe na kuisambaza, marekebisho hayo lazima uyaweke wazi chini ya leseni ileile. Dunia nzima iliitumia, kuanzia kampuni kubwa hadi kijana anayetengenezea chama cha mtaa programu ya kuhesabu michango.

Toleo la mwisho la enzi hizo ni 4.5.3.3. Mwaka 2020 likaja toleo la 5, na kampuni iitwayo EPPlus Software ikachukua usukani. Kuanzia hapo maktaba ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni leseni ya PolyForm Noncommercial, ambayo ni ya bure kwa mtu anayejifunza, anayejichezea nyumbani, na kwa taasisi kama za misaada, za elimu na za serikali. Mlango wa pili ni wa biashara, na huo unalipiwa.

Ndiyo maana programu inakuuliza. Lile swali la LicenseContext ni bawabu aliyesimama pale kwenye njia panda: unapita mlango gani, mkubwa? Yule aliyekujibu mtandaoni hakukwambia kuna milango miwili. Alikwambia tu useme neno gani ili bawabu akae kando.

Kuna kitu kingine cha kuangalia. Kwenye toleo la 8, la mwaka 2025, swali limebadilika. Haitoshi tena kuchagua neno. Ukisema matumizi ni ya binafsi na si ya biashara, unatakiwa uandike jina lako ndani ya msimbo, na jina hilo linawekwa kama mwandishi kwenye sifa za faili la Excel linalotoka. Ukisema wewe ni shirika lisilo la biashara, jina la shirika ndilo linaloingia. Yaani mteja wako akifungua ripoti na kuangalia sifa zake, atakuta jina lako limeandikwa pale. Saini kamili, kwenye kila ripoti.

Nauli ya safari hii na ya safari ijayo

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Wengine husema, "EPPlus ni ya bure, nimeitumia miaka yote." Wengine husema, "EPPlus ililipishwa, achana nayo kabisa." Wote wanazungumzia jina, na jina halina leseni.

Fikiria matatu. Umepanda stejini, kondakta akasema ni hamsini, ukalipa. Mvua ikinyesha katikati ya safari, hawezi kukugeukia na kusema sasa ni mia. Mlikubaliana, na safari yako ina bei yake. Lakini gari likirudi stejini na kupakia upya, anaweza kutangaza mia, na wewe ukitaka kupanda tena ni mia. Gari ni lilelile, namba ya njia ni ileile, kondakta ni yuleyule. Safari ndiyo tofauti.

Matoleo ya programu yako hivyohivyo. EPPlus 4.5.3.3 ilitolewa chini ya LGPL, na ruhusa hiyo haiwezi kurudishwa nyuma kwa aliyeipata na kufuata masharti. Ukiitumia leo kwenye kazi ya kulipwa, uko sawa kisheria. EPPlus 5, 6, 7 na 8 ni safari nyingine zenye nauli nyingine. Na wewe ukiandika "dotnet add package EPPlus" bila kutaja namba, kompyuta inakuletea toleo jipya zaidi. Umepanda gari la mia ukidhani bado ni hamsini, kwa sababu video uliyoitazama ilikuwa ya enzi za hamsini.

Dawa ya hapo ni fupi: "dotnet add package EPPlus --version 4.5.3.3". Lakini usikimbilie huko kabla hujasoma mbele, kwa sababu toleo la zamani lina gharama yake.

Mchezo huu ni wa zamani

Kuna watu hukasirika wakisikia maktaba ya bure imeanza kulipisha. Wanaiona kama usaliti. Ukweli ni kwamba swali la "nitoe bure halafu nilipweje" lina umri mkubwa kuliko wengi wetu.

Mwaka 1982, huko California, Andrew Fluegelman aliandika programu ya mawasiliano iitwayo PC-Talk. Badala ya kuipeleka dukani, aliwaambia watu wainakili na kupeana, na anayeiona ya maana amtumie dola 25. Karibu wakati huohuo Jim Knopf alikuwa akifanya vilevile na programu yake ya kuhifadhi rekodi, PC-File. Mwaka uliofuata Bob Wallace, aliyekuwa ameacha kazi Microsoft, akatoa PC-Write kwa mtindo huo, na jina lililobaki hadi leo likashika: sheawea. Jaribu kwanza, sambaza, ukiipenda lipa.

Sisi wa Kenya sheawea tunaijua kwa jina lingine: WinRAR. Kila aliyekaa saiba anaikumbuka. Inakupa siku 40 za kujaribu, halafu inaanza kukukumbusha kwamba muda umeisha na unatakiwa kununua leseni. Unafunga kidirisha, unaendelea. Siku ya 41, siku ya 400, siku ya 4,000. Nadhani pale ndipo wengi wetu tulijifunza kwamba ujumbe wa leseni ni nzi wa kufukuza kwa mkono. Tabia hiyo tumekuja nayo hadi kwenye kazi.

Lakini WinRAR ni programu unayotumia wewe, mezani pako. Maktaba unaiweka ndani ya kitu unachomuuzia mtu mwingine. Ukipuuza leseni ya maktaba, unamwachia mteja mzigo ambao hajui kama anao.

Namba tatu na kile zisichosema

Maktaba nyingi hutumia utaratibu wa namba tatu zilizotenganishwa kwa nukta, kwa mfano 4.2.1. Kanuni zake ziliandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub. Namba ya kwanza ikipanda, maana yake kuna mabadiliko yanayoweza kuvunja programu yako. Ya pili ikipanda, kuna kitu kipya lakini cha zamani bado kinafanya kazi. Ya tatu ni kiraka, hitilafu imerekebishwa.

Ni utaratibu mzuri. Ila ukiusoma wote, utaona unazungumzia jinsi msimbo unavyofanya kazi tu. Kuhusu leseni hausemi chochote. Hakuna kanuni inayomlazimisha mwenye maktaba kupandisha namba ya kwanza anapobadilisha masharti. Waungwana hufanya hivyo, kama EPPlus walivyoruka kutoka 4 hadi 5. Ni adabu tu, haijaandikwa popote kwenye kanuni.

Na ukumbuke namba zinaweza kupanda bila wewe kugusa kitu. Kwenye JavaScript, ukiona alama ya ^ kabla ya namba ndani ya package.json, maana yake umeiruhusu kompyuta ichukue toleo lolote jipya mradi namba ya kwanza haijabadilika. Januari 2022 watu walijua maana ya alama hiyo kwa uchungu. Marak Squires, mwandishi wa maktaba mbili maarufu, colors na faker, alikuwa ameshalalamika kwamba kampuni kubwa zinatumia kazi yake bila kumlipa. Akatoa matoleo ya colors kuanzia 1.4.1 yaliyoonekana kama viraka vya kawaida, kumbe ndani kuna msimbo unaozunguka bila mwisho. Programu za watu zikaanza kutema takataka kwenye skrini. Waliokuwa wameifunga namba yao pale 1.4.0 hawakuguswa.

Sikubaliani na alichofanya, kwa sababu walioumia wengi hawakuwa kampuni kubwa. Lakini malalamiko yake ni yaleyale ya Fluegelman, miaka 40 baadaye: nimefanya kazi, nani atanilipa?

Wengine wanachagua kulipisha waziwazi

Januari 2025 ilikuwa zamu ya Fluent Assertions. Hii ni maktaba ya kuandika majaribio ya programu kwa lugha inayosomeka kama sentensi, na anayejulikana zaidi nayo ni Dennis Doomen wa Uholanzi. Miaka nenda rudi ilikuwa chini ya leseni ya Apache 2.0, ambayo ni huria kabisa, biashara au si biashara. Toleo la 8 likaja na ushirikiano na kampuni ya Xceed na leseni mpya: bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, na dola 129.95 kwa mwanaprogramu mmoja kwa mwaka kwa wengine. Ukihesabu kwa Sh129 kwa dola, hiyo ni karibu Sh17,000. Timu ya watu watano ni zaidi ya Sh80,000 kila mwaka.

Kelele zilikuwa nyingi. Lakini angalia namba: toleo la 7 lilibaki chini ya Apache 2.0, na wenyewe wakasema litaendelea kupata marekebisho muhimu. Wengine wakachukua msimbo wa toleo hilo la 7, kama leseni inavyoruhusu, na kuuendeleza kwa jina la AwesomeAssertions. Kila mtu akawa na pa kwenda: lipa ubaki na la 8, kaa kwenye la 7, au hamia kwa hao wapya. Aliyeumia ni yule aliyesasisha bila kusoma, akajikuta anatumia la 8 kazini bila leseni na bila habari.

Lakini sisi ni wadogo, si ndiyo?

Hapa kuna habari njema ambayo wengi hawaijui, kwa sababu hufunga ukurasa wakiona neno leseni.

Baadhi ya maktaba zilizoanza kulipisha zimeweka mstari kwenye mapato. QuestPDF, ya kutengeneza faili za PDF, ni ya bure kwa kampuni yenye mapato ya chini ya dola milioni moja kwa mwaka. ImageSharp, ya kushughulikia picha, nayo imeweka kiwango hichohicho cha dola milioni moja. AutoMapper na MediatR, za Jimmy Bogard, zilihamia kwenye leseni ya biashara mwaka 2025, na zimeacha mlango wa bure kwa kampuni ndogo.

QuestPDF pia inakutaka uandike mstari mmoja kwenye msimbo kutaja leseni unayotumia. Ukiweka neno Community na biashara yako ni duka la watu watatu pale Umoja, umesema ukweli mtupu. Mstari unafanana na ule wa EPPlus kwa sura, lakini kule ulidanganya na huku hujadanganya. Huwezi kujua tofauti bila kusoma masharti, na kusoma kwenyewe ni dakika kumi.

Kwa hivyo udogo wetu unaweza kuwa ruhusa halali kwenye maktaba moja na usiwe na maana yoyote kwenye nyingine. EPPlus haiulizi unaingiza pesa ngapi. Inauliza kama ni biashara.

Na je, kama mteja ni shule? PolyForm inaitaja taasisi ya elimu kati ya wanaoruhusiwa, hata pesa zake zitoke wapi. Lakini hiyo ni ruhusa ya shule. Wewe unayelipwa kujenga mfumo ni mtu tofauti na shule, na usijifiche nyuma ya sare za wanafunzi. Waandikie wenye maktaba barua pepe, eleza kazi ilivyo, uhifadhi jibu lao. Kuuliza si ujinga.

Nani atajua?

Hili ndilo swali ambalo mtu huuliza kwa sauti ya chini. Nikiwa hapa Githurai na laptopu yangu, nani kutoka Sweden atakuja kuniangalia?

Huenda hakuna. Lakini mambo haya hayafichuki kwa polisi kubisha hodi. Yanafichuka mteja wako anapokua. Sacco ndogo inataka kuungana na mfumo wa benki, benki inaomba orodha ya kila maktaba iliyomo. Kampuni changa inapata mwekezaji, mwekezaji anatuma watu wa kukagua msimbo. Programu za ukaguzi hazisomi nia yako. Zinasoma jina na namba: EPPlus, toleo la 6, leseni ya biashara iko wapi? Na ule mstari wa NonCommercial upo palepale, na historia ya msimbo inaonyesha nani aliuandika na siku gani.

Sheria ya Kenya inafanya jambo hili liwe zito zaidi kuliko tunavyodhani. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na hakimiliki inakuwepo bila kujisajili popote. Halafu kuna kifungu cha 31: kazi uliyoagizwa na mtu kuifanya, hakimiliki yake inachukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Yaani kama hamkuandikiana chochote, mfumo uliomtengenezea mteja ni wake. Ila ile sehemu ya maktaba haikuwa yako kumpa. Umemkabidhi nyumba ambayo chumba kimoja ni cha jirani.

PolyForm yenyewe haina roho mbaya. Ukijulishwa kwa maandishi kwa mara ya kwanza kwamba umevunja masharti, unapewa siku 32 za kujirekebisha, na ukijirekebisha leseni yako inaendelea. Dawa ya deni ni kulipa, na hawa wamekupa zaidi ya mwezi. Lakini fikiria simu utakayompigia mteja kumwambia anunue leseni ambayo hukuwahi kuitaja kwenye bei, mwaka mmoja baada ya kulipwa na kula pesa ikaisha. Hiyo simu ndiyo inayomaliza kazi ya mtu, kwa sababu mtaani sisi tunaishi kwa kupendekezwa.

Cha kufanya kabla ya kukabidhi kazi

Kwanza, toa orodha. Kwenye .NET ni "dotnet list package", kwenye JavaScript ni "npm ls". Utaona kila maktaba na namba yake. Ukiongeza neno la kuonyesha na zile zinazobebwa na maktaba nyingine, utashangaa zilivyo nyingi.

Pili, kwa kila moja andika leseni ya namba hiyo. Usisome ukurasa wa mbele wa mradi peke yake, maana huo unazungumzia toleo la leo. Fungua ukurasa wa toleo lako. MIT, Apache 2.0 na BSD zinakupa uhuru mkubwa, ila zinakutaka uhifadhi tangazo la hakimiliki. Ukiona AGPL, PolyForm, au jina la kampuni ndani ya leseni, simama usome yote.

Tatu, funga namba. Kwenye JavaScript hifadhi faili la package-lock.json pamoja na msimbo wako. Kwenye .NET, ukiandika namba ndani ya mabano ya mraba, kama [4.5.3.3], umesema hiyo na si nyingine.

Nne, usibaki nyuma milele. Toleo lililoachwa halipokei viraka vya usalama. Likipatikana shimo, ni lako na mteja wako. Kama unakwepa gharama, tafuta mbadala ulio hai. Kwa Excel ipo ClosedXML, iko chini ya leseni ya MIT, na kazi nyingi za ripoti inazimaliza bila jasho.

Tano, ukiona maktaba ya kulipia ndiyo bora kwa kazi hiyo, iweke kwenye invoisi. Mpe mteja mstari wake: leseni ya maktaba fulani, toleo fulani, kwa mwaka, kiasi fulani. Wateja wanaelewa gharama ya seva na jina la tovuti. Watazoea na hii pia, wakielezwa mapema. Na ukiiweka kwenye bei, utagundua mara nyingi si pesa nyingi ukilinganisha na wiki tatu za kujiandikia kitu kilekile.

Na wewe unayeandika maktaba yako

Siku hizi kuna vijana wa hapa wanaoweka kazi zao GitHub: maktaba za malipo ya simu, za kutuma ujumbe, za kupanga majina ya kaunti na wadi. Safi sana. Lakini miradi mingi haina faili la leseni hata kidogo. Mwenyewe anadhani ameiacha bure. Kisheria ni kinyume: bila leseni, haki zote zimebaki kwako na mwingine hana ruhusa ya kuitumia kazini. Kampuni makini itaipita kazi yako na kuchukua ya Mholanzi, kwa sababu tu Mholanzi aliweka ukurasa mmoja.

Amua mapema. Ukitaka iwe huria, weka MIT au Apache kuanzia toleo la kwanza. Ukitaka siku moja ulipwe, panga milango miwili kama wenzako, na ukumbuke ulichotoa bure chini ya namba fulani hakirudi. Watu wakikuchangia msimbo, kubaliana nao mapema kuhusu haki, maana bila ruhusa yao huwezi kubadilisha leseni ya sehemu waliyoandika wao. Na siku ukibadilisha masharti, pandisha ile namba ya kwanza, litangaze kwa sauti, uache toleo la zamani likae pale lilipo. Wateja wanasamehe bei mpya. Wasichosamehe ni kubadilishiwa nauli gari likiwa kwenye mwendo.

Kwa leo, anza na kazi moja tu, ile ya mwisho uliyokabidhi. Fungua msimbo wake, tafuta neno NonCommercial, uone kama lipo. Likiwepo na ulilipwa, bado una muda wa kuhamia ClosedXML, au kumpigia mteja simu mwenyewe kabla hajapigiwa na mtu mwingine.